Nyumba ing'ae au mtoto ale? Hesabu ya akina mama Nyololo

Nyololo, wilayani Mufindi, uwanja ambao haujafagiwa hadi saa tatu asubuhi unampa mwenye nyumba jina baya. Kwa hiyo mama mwenye watoto wawili wadogo anaamka gizani, anafagia, anadeki, anasugua sufuria mpaka zing'ae, kisha anakimbilia shamba. Mtoto anaachiwa uji wa jana.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha Iringa inaongoza nchini kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka 5, wakati kitaifa ni asilimia 30. Na huu ni mkoa wa mahindi, maharage na mboga! Sababu inayotajwa sana ni mama kukosa muda wa kulisha.

Mtoto wa miezi 9 hadi 23 anatakiwa kula milo 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati. Tumbo lake ni dogo, hawezi kungoja nguo zifuliwe. Anahitaji pia mtu wa kuongea na kucheza naye.

Basi kipi kiachwe? Kunawa kwa sabuni, choo safi, vyombo vya mtoto na maji ya kuchemsha havina mjadala. Lakini sufuria nyeusi kwa nje haimdhuru mtu, na sakafu itajaa tope jekundu tena kabla ya saa nne. Baba naye ashike ufagio, ingawa wiki ya kwanza watamcheka.