Askofu Cassian Spiss, Mchungaji wa Mpakani

Sisi tukaao Temeke na Kinondoni twaona safari ya Pugu kuwa jambo dogo: mtu huondoka asubuhi, akarudi adhuhuri kula kwake. Walakini zamani Pugu ilikuwa mpakani. Wabenediktini walijenga misioni huko mwaka wa 1888. Na tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya Abushiri, wakauawa Mabruda wawili na Sista mmoja, na wengine wakatekwa. Wenzao hawakukata tamaa, wakaanza tena Dar es Salaam.

Miongoni mwa waliokuja nyuma yao alikuwamo Padre Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol katika nchi ya Austria, mwaka wa 1866. Huyu hakupenda kukaa pwani tu. Mwaka wa 1898 akaanzisha misioni ya Peramiho katika nchi ya Wangoni, mwendo wa siku nyingi kwa miguu, mizigo ikichukuliwa vichwani. Akajifunza lugha za bara, akaandika habari za Kihehe na Kingoni. Maana alijua ya kuwa mchungaji asiyesikia kwanza hatasikiwa baadaye.

Mwaka wa 1902 akawa Askofu. Mwaka huohuo jengo la kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililoanzwa mwaka wa 1897, likamalizika karibu na bandari ya Dar es Salaam. Angaliweza kustarehe hapo. Lakini Agosti 1905 akashika njia kutoka Kilwa kwenda Peramiho, pamoja na Bruda Andreas Scholzen, Bruda Gabriel Sonntag, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert.

Hapa na tuseme kweli. Watu wa kusini walikuwa wamechoka kwa kodi, kiboko, na kulazimishwa kulima pamba. Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, wasafiri wale watano wakauawa wote.

Mtu atauliza: Askofu hakuwa mtoza kodi, mbona aliuawa? Jibu lauma moyo. Waliomwua hawakumjua, walijua tu ya kuwa amefanana na waliowapiga, naye alipita njia ileile. Basi tuwalilie hao watano, tena tuwalilie na wananchi, maana risasi, na zaidi njaa iliyofuata, ziliwaua watu wengi mno. Wako wanahistoria wanaokisia 250,000 na zaidi.

Misioni ya Peramiho ilichomwa katika vita hivyo, ikajengwa tena. Hata leo ipo abasia na hospitali, na wagonjwa huponywa mahali palipokuwa majivu.

Enyi waalimu wenzangu, mipaka yetu haiko mbali. Pembezoni mwa mji huu watu huhamia kila siku kutoka kila mkoa, na jirani hajui jina la jirani. Mwalimu asipopita nyumba kwa nyumba, atadhaniwa kuwa mkusanya michango tu. Basi tutangulie kujuana, ndipo tufundishe. Nanyi wazazi, jioni ya leo wasimulieni watoto habari hii, mkawaombee marehemu wote wa mwaka ule, wa huku na wa huku.