MMOJA MBIO, MWINGINE POLEPOLE: Msivunje urafiki kwa sababu ya saa

Ilikuwa Jumatano, saa tano usiku. Mimi nilikuwa nimemaliza upande wangu tangu saa tisa alasiri. Niliandika mistari 14 ya tangazo, nikachagua mitatu, nikaoga, nikala chapo madondo na kutazama nusu ya mechi. Mwenzangu naye bado alikuwa anasogeza picha ya simu kwenye kompyuta. Kushoto kidogo, kulia kidogo, halafu anairudisha palepale ilipokuwa.

"Buda, umefika wapi?"

"Iko karibu."

Kama unaishi Nairobi unajua "iko karibu" ni binamu wa "niko njiani", ile ya msee ambaye bado anatafuta soksi. Nikapandwa na hasira. Mteja wetu alikuwa anafungua duka la simu Luthuli Avenue siku ya Ijumaa na alitaka mabango. Nikachukua nakala ambayo mwenzangu alinitumia jioni nione tu mpangilio, nikamrushia mteja kwa WhatsApp. Akajibu kwa dole gumba. Kazi kwisha, nikalala.

Alhamisi mchana mabango 500 yalikuwa yashachapishwa. Namba ya simu ya duka? 0700, halafu sufuri sita. Mwenzangu alikuwa ameziweka kushikilia nafasi, akingoja nimpe namba halisi. Namba ambayo mimi nilikuwa nayo kwa simu yangu tangu Jumatatu.

Kuchapisha mara ya pili tulilipia sisi. Malipo yetu yote yakaishia huko, na mwenye nyumba wangu hakutaka kusikia hadithi. Lakini kilichouma zaidi ni kwamba mwenzangu hakunigombeza. Alinyamaza tu, wiki mbili. Kimya cha mtu mpole, manze, heri matusi ya makanga.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kukutingishia. Ila somo hili nililipia karo mwenyewe.

Kwanza, tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Katika matangazo, watu wawili hufanya kazi kama pea ya viatu: mmoja wa maneno, mwingine wa picha. Mwandishi anaweza kujaribu sentensi 20 kichwani akiwa ndani ya matatu. Wa picha hawezi. Yeye lazima aitengeneze ndipo aone kama inakubali. Mara nyingi tunachoita uvivu ni tofauti ya kazi tu.

Mtindo huu wa wawili wawili ulivuma kutoka New York. Bill Bernbach na wenzake walifungua kampuni yao, Doyle Dane Bernbach, mwaka wa 1949. Enzi hizo ilikuwa kawaida mwandishi kumaliza maneno yake, kisha anayatuma kwa mchoraji ayapambe. Bernbach akawakalisha pamoja tangu mwanzo. Mwaka wa 1959 Helmut Krone wa picha na Julian Koenig wa maneno wakatoa tangazo la Volkswagen linalojulikana kama Think Small: kagari kadogo kwenye ukurasa uliobaki karibu mtupu, wakati matangazo ya magari Marekani yalikuwa yanashindana kwa ukubwa. Mnamo 1999 jarida la Advertising Age liliitaja kampeni hiyo kuwa bora zaidi ya karne ya 20.

Na Krone alijulikana kwa kuchelewa. Alikuwa mtu wa kukaa na ukurasa mmoja muda mrefu sana. Fikiria kama mwenzake angempokonya karatasi usiku akaipeleka kwa mteja, jinsi nilivyofanya mimi.

Baada ya wiki mbili tulikutana kwa kibanda cha chai. Kila mmoja alikuja na methali yake. Yeye: haraka haraka haina baraka. Mimi: ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulipomaliza kurushiana methali, tukakubali kwamba sote tulikosea. Mimi nilituma kazi ya watu wawili kwa ruhusa ya mtu mmoja. Yeye hakuwahi kuniambia amefika wapi wala anangoja nini.

Nikakiri na dhambi nyingine: nilikuwa nimezoea kumdanganya kuhusu makataa. Kazi ni ya Alhamisi, namwambia Jumanne. Siku moja mteja akamtajia tarehe ya kweli. Tangu hapo, hata nikisema nyumba inaungua, yeye huuliza inaungua siku gani.

Haya ndiyo tuliyokubaliana siku hiyo, na mpaka leo yanatushikilia.

Moja, saa ya kwanza tunakaa pamoja, simu zikiwa mbali. Hatuachani mpaka tuwe na wazo la sentensi moja. Hivyo yeye haanzi kazi akiwa amechelewa, akingoja maneno yangu.

Mbili, kila kazi ina makataa mawili. La kwanza ni la kazi mbichi: ananionyesha alichonacho hata kama anakionea aibu, na anataja kilichobaki. La pili ni la kazi iliyoiva. Mimi nami nalala na maneno yangu usiku mmoja kabla ya kusema nimemaliza. Si mara moja asubuhi imenionyesha kwamba mstari niliousifu jana ni takataka.

Tatu, aliyemaliza mapema hajamaliza. Muda wangu wa ziada sasa ni wa kuhakikisha bei, tahajia, tarehe na namba za simu, na kumkumbusha mteja alipe ile nusu ya kwanza.

Nne, hakuna kinachoenda kwa mteja mpaka wote wawili tuandike "sawa".

Usinielewe vibaya. Kuna mtu wa polepole, na kuna mtu asiyefanya kazi. Utawatambua siku ya kazi mbichi: wa kwanza ana kitu cha kukuonyesha, wa pili ana hadithi. Na kuna mwepesi wa kweli, halafu kuna anayekimbia ili kazi imtoke mikononi. Huyo wa mwisho alikuwa mimi.

Juzi tulikuwa na bango la kinyozi wa Rongai. Saa tano usiku mwenzangu bado anasogeza picha ya mkasi, kushoto kidogo, kulia kidogo. Sikumuuliza amefika wapi. Nilichukua simu yangu, nikapiga namba iliyo kwenye bango.

Kinyozi alipokea akiwa na usingizi. Nikamwomba radhi, nikaandika "sawa".