Karavani Zimejaa Barabarani, Mauzo ya Vituo vya Nyikani Hayajafuata

Kati ya Balladonia na Caiguna, katika jimbo la Australia Magharibi, barabara ya lami imenyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja. Hicho ni kipande tu cha safari ya kilomita kama 1,200 kutoka Ceduna hadi Norseman, kuvuka uwanda wa Nullarbor, na katikati yake hakuna mji wa kuitwa mji. Vilivyopo ni vituo vya njiani: pampu za mafuta, mgahawa, vyumba vichache vya kulala, uwanja wa karavani, choo na bafu. Kila kituo kinategemea jambo moja, kwamba anayepita atasimama na kufungua pochi.

Wanaopita wameongezeka. Ofisa mmoja wa sekta ya utalii, ambaye hakutaka kutajwa, hujibu karibu kila swali kuhusu biashara hii kwa takwimu moja: karavani na magari ya kulala yaliyosajiliwa Australia yamepita 800,000. Kwake hiyo inatosha. Nchi ilipofunga mipaka Machi 2020 na kutowafungulia watalii hadi Februari 2022, Waaustralia waliozoea kupanda ndege kwenda Bali walinunua trela la kulala wakaenda kuiona nchi yao wenyewe, na wapo wengi ambao hawajaliuza.

Tatizo ni kwamba takwimu hiyo inahesabu vibao vya namba, haihesabu safari. Karavani iliyoegeshwa nyuma ya nyumba Adelaide kwa miaka miwili imo. Ile inayovutwa kila Krismasi hadi ufukweni, mwendo wa saa mbili, imo pia, na ukweli ni kwamba wenye karavani Australia hulala zaidi karibu na bahari kuliko nyikani. Ofisa alipoulizwa ni ngapi kati ya hizo huvuka Nullarbor au kupanda kaskazini kwa barabara ya Stuart, alirudi kwenye zile 800,000. Kwa mwenye pampu anayeagiza dizeli itoke mamia ya kilomita, jumla ya taifa zima haimwambii ajaze tangi lake kiasi gani.

Mwenye kituo mmoja wa Nullarbor, mtu wa miaka mingi katika kazi hiyo, ana hesabu yake, na ana mengi ya kusema. Karavani ya zamani, anaeleza, ilikuwa mteja kwa lazima. Betri yake ilikuwa dhaifu, friji ilitaka umeme, tangi la maji lilikuwa dogo. Ilibidi iingie uwanjani, ilipe, ichomeke waya. Ya sasa ina sola juu ya paa, betri za lithiamu, choo chake, bafu lake, na wakati mwingine mashine ya kufulia. Inalala bure kwenye maegesho ya mapumziko kando ya barabara. Asubuhi inaingia kituoni kutupa takataka, kuomba maji, na kutia lita chache za kuifikisha pampu inayofuata, kwa sababu simu imeshamwonyesha dereva kwamba kule mbele bei ni nafuu kwa senti kadhaa.

Maji ndiyo yanayomuuma zaidi. Chini ya Nullarbor maji yapo, lakini ni ya chumvi. Kituo kinayasafisha kwa mashine, au kinakinga mvua, ambayo ni haba. Gridi ya umeme ya taifa haifiki huko, hivyo mashine, friji za nyama, taa na pampu zenyewe vinaendeshwa na jenereta isiyolala. Ndoo ya maji anayoombwa bure ameilipia kwa dizeli. Akikataa, mgeni anaandika malalamiko mtandaoni, na wasafiri wanaofuata wanayasoma kabla hawajaondoka nyumbani.

Kisa anachokirudia ni cha 2022. Machi 30 mwaka huo serikali ilipunguza kwa nusu ushuru wa mafuta, kutoka senti 44.2 hadi 22.1 kwa lita. Wanasiasa walitangaza, na asubuhi yake wateja walifika wakitaka bei mpya. Lakini ushuru huo hukatwa mafuta yanapotoka bohari kuu. Dizeli iliyokuwa chini ya pampu zake ilikuwa imenunuliwa kwa ushuru wa zamani, na kituo cha nyikani huchukua muda mrefu kumaliza shehena kuliko kituo cha mjini. Kwa siku kadhaa, anasema, aliitwa mwizi mbele ya wafanyakazi wake kwa kosa ambalo halikuwa lake, na hakuna ofisa aliyejitokeza kuwaeleza wananchi jambo hilo kwa lugha nyepesi.

Malalamiko hayo yana haki, ila yana upande wa pili. Ushuru uliporudi kamili mwishoni mwa Septemba, kila aliyekuwa na mafuta ya ushuru mdogo tangini alikuwa na nafasi ya kuyauza kwa bei mpya. Mwenye kituo alipoulizwa kuhusu wiki hizo, hakuwa na hesabu mkononi. Wasafiri nao wana lao. Gari linalotumia lita 10 au 11 kwa kilomita 100 likiwa peke yake hufika 18 hata 20 likivuta karavani kubwa. Kuvuka kutoka Ceduna hadi Norseman ni lita kama 240, na lita ikiuzwa dola 2 au zaidi, kama ilivyo kawaida nyikani, hiyo ni dola 480 au zaidi kabla ya chai. Wastaafu wanaoishi kwa akiba ya uzeeni, na hao ndio uti wa mgongo wa safari hizi, lazima watafute pa kupunguza. Wanapunguza kwenye malazi na chakula, vitu vilevile vinavyomweka mwenye kituo hai.

Halmashauri za miji midogo zimeuzidisha mvutano huu. Baadhi zinatangaza kambi za bure ili kuvuta karavani, kwa imani kwamba mgeni asiyelipia kitanda atanunua mkate, nyama na dawa mjini. Pengine hununua. Lakini mwenye uwanja wa kulipia anayelipa kodi kwa halmashauri hiyohiyo anashindana na mtoza kodi wake mwenyewe, na sioni jinsi anavyoweza kuambiwa avumilie bila hesabu za wazi za mapato ya kambi hizo.

Kazi nayo haipati watu. Vituo vingi vinaendeshwa na vijana wa viza ya likizo na kazi. Tangu Juni 2021, kazi za utalii na hoteli katika maeneo ya mbali kabisa zinahesabika katika siku 88 zinazotakiwa ili kijana apewe mwaka wa pili nchini, na hilo liliviokoa vituo. Kisha Julai 1, 2024 Waingereza wakaondolewa sharti hilo. Sasa wanapata hadi miaka mitatu bila kukanyaga nyika. Mwenye kituo wetu anasema maombi ya kazi kutoka Uingereza yamepungua sana. Vijana wa Tanzania na Kenya wanaouliza kuhusu nafasi hizo wafahamu kwamba nchi zetu hazimo katika orodha ya viza hiyo, na anayewaahidi vinginevyo kwa malipo anawadanganya.

Kaskazini, adui ni mvua. Msimu wa karavani huko ni miezi mikavu, takriban Mei hadi Septemba. Januari 2023 mafuriko yalivunja daraja la Fitzroy Crossing, kwenye barabara pekee ya lami inayolivuka eneo la Kimberley. Daraja jipya lilifunguliwa Desemba mwaka huohuo, mapema kuliko ilivyopangwa, na serikali ilistahili sifa iliyojipa. Hata hivyo msimu mzima ulikuwa umepita katikati, na mapato ya msimu uliopotea hayarudishwi na daraja.

Hata wanaotengeneza karavani hawako salama. Kitovu chao ni kaskazini mwa Melbourne, jirani na kiwanda kikubwa cha magari kilichofungwa Oktoba 2016. Baada ya miaka ya oda kujaa, baadhi ya watengenezaji wameingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni, huku trela za bei nafuu kutoka China zikiingia kwa wingi. Ripoti ya serikali ya 2022 kuhusu karavani mpya ilikuta wanane kati ya kila kumi waliojibu wamepata hitilafu. Ni kweli kwamba mwenye kinyongo hujibu dodoso haraka kuliko aliyeridhika, lakini hata ukiikata namba hiyo nusu, ni nyingi mno kwa kitu kinachovutwa mahali ambapo fundi yuko mwendo wa siku nzima.

Kuhudumia misafara katika nyika ya Australia kulianza kabla ya gari. Kuanzia miaka ya 1860, mizigo ilibebwa na ngamia walioongozwa na watu kutoka nchi za leo za Afghanistan, Pakistan na India. Malori yalipoingia, ngamia wengi waliachiwa porini, na kazi ya wale waliowaongoza ikaisha bila aliyewalipa fidia.

Miaka michache ijayo inaweza kuwa mizuri. Kizazi kikubwa kinaendelea kustaafu, na magari ya umeme yanayokaa nusu saa au zaidi kwenye chaja huenda yakamrudisha mteja mgahawani. Caiguna tayari ilijaribu, mwaka 2022, chaja inayoendeshwa na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi. Huenda pia wenye vituo wakazeeka na kukosa wanunuzi, wakafunga pampu moja moja. Ofisa wetu haoni hatari hiyo, ila hana takwimu ya vituo vilivyofungwa. Serikali zinazohesabu karavani kila mwaka zianze kuhesabu na pampu. Kusini mwa Coober Pedy, kwenye barabara ya Stuart, mafuta yanayofuata yako Glendambo, kilomita zaidi ya 250 mbele, na katikati hakuna pa kununua hata lita moja.