Winga

Kwa miaka 9 niliitwa Winga. Jina la ubatizo lilibaki kwa mama na kwenye mkataba. Mitaa ya Mbeya, Soweto na Mwanjelwa, hata konda wa daladala: "Winga, Jumamosi mnawafunga?" Nilikuwa nachezea pembeni kulia, Uwanja wa Sokoine, na asubuhi nilijijua ni nani kabla sijafumbua macho.

Juni moja, baridi ya Mbeya imeshika, simu ikaita. Kiongozi wa timu yangu, ambayo sitaitaja, akasema msimu ujao sipo kwenye mipango. Nilikuwa na miaka 31. Jioni picha yangu ilikuwa mtandaoni, ninaagwa.

Watu hudhani kinachouma ni mshahara. Unauma, nina watoto. Ila mimi kilichoniangusha ni saa 12 asubuhi. Mwili uliamka wenyewe kwenda mazoezini. Nikavaa, nikafunga kamba za viatu, nikabaki nimekaa kitandani. Miaka yote hiyo kuna mtu aliyenipangia nile nini, nilale saa ngapi, nipumzike lini. Kwa miezi 3 nilikuwa nazunguka njia ya mbali ili nisiuone ule uwanja.

Soka inakuchukua ukiwa mwanafunzi na kukuacha kwenye umri ambao mwalimu uliyesoma naye ndiyo kwanza anapanda daraja. Mara nyingine inawaacha wengi kwa mpigo. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilimaliza ya 3 Ligi Kuu msimu wa 2013/14, watu wakajaa Sokoine na jezi zao za zambarau. Mwaka 2023 ikashuka daraja kwa mchujo mbele ya Mashujaa ya Kigoma. Timu ikishuka, fedha hupungua, na mikataba nayo hupungua.

Niliwaonea wivu wale wa Tanzania Prisons, timu ya Magereza, walioajiriwa kuwa askari. Miguu ikichoka, kesho yake gwanda lipo, lindo lipo, na cheo cha kuitwa kipo.

Jambo moja ningependa wadogo zangu walijue mapema. Tangu 2018 sheria ya NSSF ina fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Mchezaji wa mikataba ya msimu mmoja mmoja, yenye mapengo katikati, hafikishi miezi hiyo kirahisi. Kabla ya kusaini, uliza kama unakatwa, na kama kinachokatwa kinafika.

Mwaka uleule nilioachwa na timu, kaka mmoja anayeuza viatu vya mtumba Mwanjelwa akaniambia, "Wewe watu wanakujua. Niletee wateja." Sokoni kazi hiyo ina jina: winga. Huna meza wala mtaji. Unamshika mteja njiani, unampeleka kwa mwenye mzigo, unaweka cha juu chako. Siku ya kwanza nikasikia, "Winga!" Nikageuka kifua mbele. Alikuwa anaitwa kijana aliyesimama nyuma yangu, suruali 6 begani.

Nikaona haya, nikaenda kunywa chai. Nilirudi baadaye. Yule kijana ndiye aliyenifundisha kumtambua mteja mwenye haraka.

Jumamosi iliyopita nilikata tiketi, nikakaa mzunguko Sokoine. Winga wa kulia alipata mpira, beki amelala, akasita. Nikajikuta nimesimama, napiga kelele: "Nenda, mwanangu, nenda!"