Uwanja Nao Una Tiba: Ardhi Wanayochezea Watoto Wetu

Mjini Songea mvua huanza mwezi Novemba na kumalizika karibu na mwisho wa Aprili. Baada ya hapo hufuata kiangazi kirefu. Michezo ya shule za msingi na za sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, hufanyika katikati ya mwaka, wakati ambapo udongo mwekundu wa viwanja vingi umekwisha kukauka na kuwa mgumu kama tofali. Mtoto aliyefanya mazoezi mwezi Machi kwenye ardhi laini hushindana mwezi Juni kwenye ardhi nyingine kabisa, ingawa uwanja ni ule ule. Sisi tunaotibu mifupa na viungo humpokea akiwa ameushikilia mkono wake, nasi humuuliza alivyoanguka. Ni nadra kumuuliza aliangukia wapi.

Uwanja wa Majimaji ni mmoja tu; watoto walio wengi huchezea viwanja vya shule na vya mitaa. Viwanja hivyo haviwezi kuwekewa nyasi za kisasa, lakini vinaweza kufanywa salama zaidi kwa jembe, reki, toroli na maji.

Wafugaji wa farasi wamelifahamu jambo hili kwa muda mrefu. Katika nchi zenye mbio za farasi, hali ya ardhi hukaguliwa na kutangazwa kabla ya mashindano, kwa kuwa mnyama huyo akivunjika mguu mara nyingi haponi. Wao huitaka ardhi iwe na sifa tatu: isiwe ngumu mno, isiwe legevu mno, na isibadilike ghafla kutoka hatua moja hadi nyingine. Sifa hizo hizo zinaufaa mguu wa binadamu.

Namna ardhi inavyojeruhi

Ardhi ngumu haipunguzi kishindo. Mwili ndio hukibeba chote kwa muda mfupi sana. Mtoto anayeanguka hutanguliza kiganja, na nguvu hupanda hadi kwenye kifundo cha mkono na kiwiko. Kwake hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini zinazorefusha mfupa. Zikiumia na zisipotibiwa vyema, mkono unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi.

Mchanga mwingi na mlegevu nao huuzamisha mguu, ukachosha misuli ya ndama na kano ya kisigino. Mashimo na mabonde huteguza kifundo cha mguu. Unyayo ukinaswa wakati mwili unageuka, kano za goti huweza kukatika bila mchezaji kuguswa na mtu yeyote. Wasichana wanaocheza mpira hupata jeraha hilo la goti kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana; kwa hiyo timu zao hazistahili kupewa kipande kibovu cha uwanja.

Isitoshe, mbegu za bakteria wa pepopunda huishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, na minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu iliyo peku. Uwanja usiwe malisho ya ng'ombe wala njia ya mbuzi.

Kuchagua na kutengeneza

Tuanze na maji. Uwanja uinuke kidogo katikati na kushuka kuelekea pembeni, takriban sentimita 1 kwa kila mita 1. Mifereji ya kupokea maji iwe mipana, isiwe na kina kirefu, na ikae mita kadhaa nje ya mistari, ili asitumbukie mchezaji anayekimbiza mpira.

Pili, tutengeneze kwanza pale panapochakaa kwanza. Eneo dogo la goli katika uwanja kamili lina upana wa mita 18.32 na kina cha mita 5.5, yaani takriban mita za mraba 100. Tabaka la sentimita 10 la udongo tifutifu huhitaji kama mita za ujazo 10. Hiyo ni kazi ambayo kamati ya shule inaweza kuipanga. Mashimo yasijazwe kokoto wala vipande vya matofali. Kuchanganya mchanga kidogo na udongo wa mfinyanzi nako hakusaidii, maana mchanganyiko huo hukauka ukawa mgumu zaidi. Mvua zinapoanza, pandeni vipandikizi vya ukoka, kisha mviache vishike kabla ya kuvikanyaga.

Tatu, matunzo yafuate majira. Baada ya mvua kubwa uwanja upumzike, kwa kuwa udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, na ugumu wa Juni huanzia hapo. Wakati wa kiangazi, mwagieni maji ya kutosha jioni ya siku iliyotangulia mchezo; asubuhi, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope, tifueni sentimita chache za juu na kusawazisha kwa reki. Maji yakiwa haba, yaelekezwe mbele ya magoli. Shimo la kurukia lichimbuliwe na kusawazishwa kabla ya kila mazoezi, na mawe, vioo na miiba viokotwe.

Wajibu wa mhudumu wa afya na mzazi

Mkono uliopinda usivutwe wala kukandwa. Utegemezwe kwa kitu kigumu kilichofungiwa kitambaa, bila kukazwa, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, hiyo ni dharura. Fungo lilegezwe mara moja. Mchubuko uoshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Mzazi aje na kadi ya chanjo, kwani kinga ya pepopunda aliyoipata mtoto akiwa mchanga hupungua na huhitaji kuongezewa nguvu.

Kisha, mhudumu mwenzangu, ongeza mstari mmoja katika daftari lako: mahali mtoto alipoangukia. Usiandike jina la shule peke yake. Andika pia sehemu ya uwanja na hali ya ardhi siku hiyo. Kila mwisho wa mwezi, bila kutaja majina ya wagonjwa, mpelekee mwalimu wa michezo taarifa hiyo. Akisoma kwamba watoto watatu wameanguka mbele ya goli lile lile, atajua mahali pa kumwaga toroli la kwanza la udongo.