Neno la siri halitoshi: tufunge mafaili ya chama

Kompyuta moja ya chama inabeba mambo mengi kuliko sanduku la pesa. Ndani yake kuna orodha ya likelemba na madeni ya kila mama, nakala za kadi za mpiga kura, picha za watoto. Mara nyingine kuna pia maelezo ya mwanamke aliyekuja kusema kilichompata nyumbani au njiani kwenda shamba. Alisema kwa sababu aliahidiwa kwamba maneno yake hayatatoka. Yakimfikia shemeji, au yule aliyemtendea ubaya, mama huyo hatarudi tena kwetu, na pengine hatakuwa salama mtaani.

Wengi wanajibu: "Kompyuta yetu ina neno la siri." Lakini neno hilo ni mlinzi wa mlangoni tu. Mwizi anayejua kazi hapiti mlangoni. Anafungua skrubu chache, anatoa diski, anaiunganisha kwenye mashine nyingine, na mafaili yanasomeka kama daftari lililo wazi. Fundi asiye mwaminifu anaweza kufanya vilevile na kuturudishia mashine kama kawaida.

Dawa yake ni usimbaji, ambao kwenye mashine zetu za Kifaransa huandikwa "chiffrement". Kompyuta inavuruga yote yaliyo kwenye diski mpaka yasisomeke bila ufunguo. Njia inayotumika sana, AES, ilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani ikaikubali rasmi mwaka 2001. Hatuhitaji kununua kitu. Kwenye Windows Pro, andika "Gérer BitLocker" mahali pa kutafutia. Kwenye Windows Home, ingia "Paramètres" uangalie kama kuna "Chiffrement de l'appareil". Mashine nyingine hazina, na hapo afadhali siri nzito zisikae humo. Mac ina FileVault. Kle USB nayo inafungwa kwa BitLocker, na mimi ningeanza na hiyo, maana kle inapotea upesi kuliko kompyuta.

Kabla ya kuanza, weka nakala ya mafaili mahali pengine. Kazi inaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati usiogope: mashine ikiwashwa tena, inaendelea pale ilipoachia.

Sasa tufike kwenye jambo linaloliza watu. BitLocker inatoa namba ya kuokolea yenye tarakimu 48. Siku fundi atakapobadilisha kadi kubwa ya ndani, ile wanayoiita "carte mère", kompyuta inaweza kukataa kuwaka na kuidai namba hiyo. Bila namba, fundi hawezi kitu, na hata Microsoft waliotengeneza Windows hawana njia ya kufungua. Miaka yote ya hesabu za chama inabaki humo ndani, imefungwa. Tena, kwenye Windows Home namba hiyo kwa kawaida inahifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeitayarisha mashine. Kama ni mtoto wa jirani aliyetusaidia siku ile, basi ufunguo wa chama uko kwake! Mama katibu aulize leo ni akaunti ya nani.

Namba iandikwe kwenye karatasi mbili, pamoja na herufi na tarakimu nane za mwanzo za kitambulisho chake, maana kompyuta itazionyesha ili ujue ni namba ya mashine gani. Karatasi moja akae nayo mama prezida, nyingine mama mweka hazina. Isiwekwe kamwe ndani ya mfuko wa kompyuta.

Usimbaji unalinda mashine iliyozimwa. Ukienda kunywa chai na kuiacha wazi mezani, kila anayepita anasoma. Na faili ukilituma kwa WhatsApp, kule linakofika linafunguka bila ufunguo wowote.

Uchaguzi wa kamati ukifika, karatasi hizo zikabidhiwe pamoja na funguo za ofisi, na wanaozipokea watie sahihi kwenye daftari la chama mbele ya wanachama.