Nyuma Sitara, Mbele Mwanga: Kutia Tinti Gari la Familia kwa Mkono Wako

Aliyewahi kukwama katika Barabara ya Jogoo saa kumi na moja jioni anajua kwamba gari dogo ni baraza lisilo na pazia. Matatu husimama ubavuni, abiria wake wameketi juu zaidi, na macho yao humshukia mama aliyepakata mtoto kiti cha nyuma. Mtoto analia ataka kunyonya, joto limembana, na foleni haisogei. Ndipo familia za kwetu zilizohamia Buruburu, Umoja, Donholm na Komarock, na zile zilizoko Pumwani tangu enzi za mababu, huanza kufikiria tinti.

Haja hiyo ni ya haki. Lakini sitara ni jambo moja na giza ni jambo jingine, na wauzaji wengi hupenda kutuuzia giza.

Karatasi ya tinti hupimwa kwa asilimia ya mwanga inaoupitisha. Namba ikiwa ndogo, weusi huzidi: ya 5 ni kama usiku, ya 20 ni nzito, ya 35 ni ya wastani, ya 70 karibu haionekani. Tena kioo chenyewe hunywa mwanga kabla hakijabandikwa kitu. Kioo kinachopitisha asilimia 75, kikivishwa karatasi ya 35, hubaki na kama 26. Kwa sitara ya mama na watoto kiti cha nyuma, hiyo yatosha mchana. Magari mengi ya familia yatokayo Japani, kama vile Toyota Noah, huja na vioo vya nyuma vilivyotiwa rangi kiwandani. Kioo cha namna hiyo kikiwa kinapitisha asilimia 20, nawe ukaongeza karatasi ya 20, kinachobaki ni asilimia 4. Hapo umelipa fedha ili usione unapolirudisha gari nyuma uani. Basi litazame gari lako kwanza. Huenda sitara unayoitafuta unayo tayari.

Vioo vya mbele, yaani kile kikubwa na vile viwili vya milangoni kwa dereva na jirani yake, nashauri viachwe vyeupe. Jua la Nairobi hutua karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, saa ile ile ambayo watoto wanatoka chuoni na wafanyakazi wanarudi mitaani. Taa za barabarani si za kutegemewa kila kichochoro, na mtoto mwenye buibui jeusi huonekana kwa shida hata kwa kioo kisafi. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba njia ina haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kuinamisha macho na kuzuia udhia. Tinti ya nyuma yamsaidia mpita njia katika ile ya kwanza. Tinti ya mbele yamnyima dereva uwezo wa kuitimiza ya pili.

Kuna na suala la polisi. Aprili 2014 msako wa Usalama Watch ulipita Eastleigh na mitaa jirani, maelfu wakakamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwezi uliofuata mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili katika Barabara Kuu ya Thika, na serikali ikaamuru tinti ibanduliwe katika magari ya abiria. Kwa hiyo mwenye kubeba abiria kwa malipo asijaribu kabisa. Mwenye gari la nyumbani naye akumbuke kwamba gari jeusi pande zote humtia askari wasiwasi, na wenye kanzu na buibui hatuhitaji kuongezewa sababu za kusimamishwa. Ukipungiwa mkono usiku, washa taa ya ndani na uteremshe vioo kabla hujaambiwa.

Kuhusu joto, weusi haupozi gari. Karatasi ya rahisi iliyotiwa rangi tu huzuia mwangaza mkali, lakini hukizuia kidogo tu kile kinachotuunguza, na baada ya miaka michache ya jua hugeuka zambarau na kuvimba. Ile ya kauri, hata ikiwa nyepesi, huzuia joto zaidi, na ni ghali zaidi. Kwa safari za mitaani ya rahisi yatosha. Mwenye kuteremka Mombasa kila Idi, akilijua jua la kuanzia Voi, na apime mfuko wake.

Karatasi zapatikana kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Usinunue kwa kukisia: bandika gazeti kuukuu juu ya kioo, likate kwa umbo lake, uende nalo dukani. Nunua na ziada ya kioo kimoja, kwa maana cha kwanza huharibika.

Adui wa kazi hii ni vumbi, na Kayole au Umoja halikosekani. Anza baada ya Alfajiri, upepo haujaamka, mahali penye kivuli. Mwagia ardhi maji. Osha kioo kwa ndani kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya mtoto, ukwangue uchafu kwa wembe mpya, kisha uoshe tena, hasa pembeni penye mpira. Karatasi ikate kwa kuilaza upande wa nje wa kioo, kwa umbo la gazeti lako. Watu wawili waibandue ngozi yake ya plastiki huku wa tatu akinyunyiza maji ya sabuni kwenye gundi. Watoto huipenda kazi hiyo. Ilaze kwa ndani ikiwa imelowa, uitelezeshe mpaka ikae, kisha usukume maji kutoka katikati kwenda kingoni kwa kipanguso cha mpira, polepole. Acha nafasi ya kama milimita mbili ukingoni ili isibanduke kioo kinapopanda.

Kioo kikubwa cha nyuma mwachie fundi. Kimepinda, karatasi yake hutaka kukunjishwa kwa hewa ya moto, na zile nyuzi za kukausha ukungu hukatika zikiguswa na wembe. Kulipia kioo kimoja ni nafuu kuliko kununua kingine.

Ukungu na vitone vya maji vitakavyobaki ndani ya karatasi visikutie hofu. Hukauka vyenyewe kwa siku kadhaa za jua. Kwa siku nne vioo visiteremshwe, na visifutwe kamwe kwa dawa yenye amonia. Bandika kipande cha karatasi juu ya kitufe cha kila mlango wa nyuma, kwa sababu mdogo wa nyumba hatakumbuka.